UZI: Wale mlioshuhudia msanii wenu akiimba laivu kwenye kiukumbi kidogo tukutane hapa, mi naanza na J.S. Ondara

mtanga_baridini

Wakuu habari za majukumu.

Humu kila siku ni nani kamdisi nani na nani ana viewers wengi Youtube, basi leo acha nilete kitu tofauti kidogo. Nataka tuongelee ile hali ya kumuona msanii unayempenda, yule anayeandika nyimbo zake mwenyewe na gitaa anapiga mwenyewe, sio uwanjani wala kwenye tamasha la kampuni ya bia, namaanisha kwenye chumba kidogo ambacho akikohoa unamsikia. Naanza na wa kwangu halafu nyie mtaendelea.

Kwa wasiomjua Ondara, ni kijana wa Nairobi. Alishinda ile bahati nasibu ya green card akatua Minneapolis Februari 2013 akiwa na miaka 20. Sasa utajiuliza kwa nini Minneapolis, kwenye baridi la kuua, wakati kila mtu anakimbilia Texas. Sababu ni Bob Dylan. Jamaa kaelezea kwenye mahojiano mengi, alibishana na mwenzake kuhusu wimbo mmoja wa roki, yeye anakomaa ni wa Guns N' Roses, wakawekeana dau, akaliwa, ndo akaambiwa wenyewe waliuazima tu, mwenye wimbo ni Dylan. Kuanzia hapo akawa anamchimba Dylan mpaka akajua kazaliwa Duluth mwaka 1941 na kukulia Hibbing, mji wa machimbo ya chuma, na kote huko ni jimbo la Minnesota. Na bahati nzuri ana shangazi yake hapa Minneapolis. Basi kijana akafungasha.

Na gitaa lenyewe Nairobi hakuwa nalo, hela ya kununua haikuwepo, kaja kujifunza hukuhuku ukubwani. Miaka sita baadae, Februari 2019, albamu ya kwanza ikatoka chini ya Verve, ile lebo ya jazi ya siku nyingi, na ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Grammy upande wa Americana, yaani folk na country za Kimarekani. Hakubeba, alibeba mzee Keb' Mo', ila hebu fikiria mtoto wa Nairobi anatajwa kwenye kundi hilo, muziki ambao Wamarekani wenyewe wanauona ni wa babu zao.

Mi ni mtu wa Tanga, naishi Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis, huku kwenye Waliberia na Wakenya wengi, kazi yangu ni ya usiku kulea wazee. Huyu jamaa nilimsikia kwenye gari, redio moja ya hapa inaitwa The Current, na nilidhani ni dada anaimba kwa jinsi sauti ilivyokuwa inapanda. Mtangazaji akasema ni Mkenya anaishi hapahapa mjini. Daah nilipaki pembeni.

Sa tuje kwenye shoo. Ukumbi siutaji jina maana kuna baya nitalisema huko mbele. Ni kabla ya korona. Chumba kirefu cheusi, jukwaa kimo chake cha goti, baa iko nyuma kabisa, watu wamesimama wamebanana. Mlangoni kitambulisho kinaangaliwa unagongwa muhuri mkononi, makoti kila mtu kakumbatia la kwake maana pa kutundika pamejaa. Akatangulia dada mmoja wa kuchangamsha ukumbi, nyimbo nne tano, sikumfuatilia sana nisiwadanganye.

Halafu taa zikashuka, akatoka Ondara peke yake. Suti imemkaa, kofia ya pama, gitaa, basi. Hakuna bendi, hakuna dijei, hakuna lile jamaa la kupiga kelele mikono juuu mikono juuu. Akaanza tu.

Nilikuwa karibu kiasi kwamba naona vidole. Na kuna kitu kwenye simu huwezi kukijua hata ununue hedifoni za bei gani, jinsi anavyocheza na maiki. Akitaka kupanda ile sauti nyembamba ya juu anarudi nyuma hatua moja, akishuka kwenye sauti ya kuongea anasogea mpaka mdomo unakaribia kugusa maiki, na kile kisigino cha kiatu kinagonga mbao za jukwaa, hiyo ndo ngoma yake. Kati ya wimbo na wimbo anakaza nyuzi taratibu wala hana haraka, na watu wanamsubiri, hakuna anayepiga mluzi.

Kwenye ile albamu kuna wimbo mmoja hana gitaa wala chombo chochote, sauti tupu mwanzo mwisho. Alipoufikia gitaa likaning'inia tu shingoni mikono ameiachia chini. Na hapo ndo lile baya. Nyuma baa wakaamua huo ndo muda wa kuchota barafu. Kraaa, kraaa, ndoo nzima. Na kuna kikundi cha wakaka watano wa ofisini wanapiga stori za bosi wao kwa sauti, wamelipa tiketi kuja kupiga stori za bosi! Mama mmoja wa kizungu mwenye mvi akawageukia akawaambia shhhh moja hiyo, wakanywea. Jamaa wala hakusimama, alishusha sauti badala ya kupandisha, na ukumbi mzima ukajikuta unainama mbele kumtafuta. Aisee ule ujanja sijauona kwingine.

Na maneno. Ye nyimbo zake nyingi anaiongelesha Marekani kama mwanamke anayempenda ila hajui kama anapendwa. Nyumbani nilikuwa nasikiliza kama nyimbo za mapenzi tu. Pale nimesimama na koti langu mkononi, nimetoka kutuma hela nyumbani mchana wake, zamu inanisubiri saa tano usiku, nikaelewa anaongea kitu gani. Sikulia ila macho yalikuwa na kazi.

Kilichoniuma, nikageuka kuangalia watu. Mkoa huu una Wakenya wengi sana wakuu, akija msanii mkubwa kutoka Nairobi au Dar ukumbi unafurika mpaka saa tisa za usiku na meza zinauzwa bei ya kodi ya nyumba. Pale niliwaona weusi wa kuhesabu kwa mkono mmoja na mmoja wao ndo mimi. Sijawahi kulielewa hili.

Nilinunua santuri yake mlangoni na cha kuichezea sina 😂 nikakimbia kazini.

Haya, na nyie. Nani, wapi, ilikuwaje.

---

karanga_za_mkaango

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Leta na picha basi mkuu.

---

Mtukuka

Sasa mleta uzi, Mkenya anaimba Kiingereza, muziki wa wazungu, kwa wazungu, ukumbini wazungu, halafu unalalamika sisi hatukuja? Tuje kufanya nini? Angeimba Kiswahili au hata lugha ya kwao tungemsapoti. Huyo kachagua soko lake aachwe na soko lake. Na Grammy yenyewe hakuchukua.

---

mtanga_baridini

Mtukuka nakuelewa ila nakukatalia. Mbona rege tumeipokea, kuna jamaa kibao Bagamoyo na Arusha wanaimba rege na hakuna anayewaambia huo muziki wa Wajamaika? Hip hop je, ilitoka Kariakoo? Dansi lenyewe tunalojivunia wazee walichukua rumba kwenye santuri za Cuba wakaipika mpaka ikawa yetu. Shida sio lugha. Shida ni kwamba huu muziki hauchezeki, na sisi kitu kisichochezeka tunaona tumeibiwa hela.

Na halafu ye anaimba habari ya mtu aliyetoka kwao kaja ugenini anashangaa. Hiyo ni habari ya wazungu au yangu mimi?

---

wa_Eastlando

Wasee mimi ni Mkenya na nitasema ukweli, huyu Ondara hapa nyumbani watu wengi hawamjui kabisa. Ukiuliza mtu mtaani atakuambia ni nani huyo, ni mchezaji wa Gor? 😂 Lakini si yeye wa kwanza. Kuna mzee Ayub Ogada, alizaliwa Mombasa 1956, huyo alienda London miaka ya 80 na nyatiti yake, kile chombo cha nyuzi cha Wajaluo, akawa anapiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, watu wanatupa sarafu wakipita. Hapo ndio alipatikana na watu wa tamasha la WOMAD, na 1993 akatoa albamu na Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel. Wimbo wake mmoja wa Kijaluo uliwekwa kwa filamu ya The Constant Gardener 2005 na hapo ndio dunia ilimjua. Alifariki tarehe 1 Februari 2019 kwao Nyahera, Kisumu. Hebu ona hio, wiki mbili kabla albamu ya Ondara itoke.

Na huyo alikuwa anaimba lugha ya kwao, Mtukuka. Ulimsapoti?

---

Mtukuka

😂😂 hapo umenipata. Sikuwa namjua.

---

fundi_mitambo_Sinza

Wakuu mi nitaongelea upande wangu, nafanya kazi ya sauti hapa Dar muda mrefu kidogo. Watu wanadhani mtu mmoja na gitaa ndo kazi rahisi kuliko bendi. Thubutu! Bendi ya watu kumi na mbili ikiwa na makosa yanafichana, besi inafunika, ngoma zinafunika. Mtu mmoja na gitaa hakuna pa kujificha, yeye wala mimi.

Gitaa la mbao lina tundu na lile sanduku lake, kazi yake ni kukuza sauti. Sasa ukiliweka karibu na spika linaanza kusikia sauti yake lenyewe inayotoka kwenye spika, linaitetemesha tena, inarudi tena kwenye spika, ndo ule mngurumo mnaousikia unakua unakua mpaka watu wanaziba masikio. Kwenye chumba kidogo msanii yuko mita mbili toka kwenye spika utafanyaje? Wengine wanaziba tundu na kifuniko cha mpira, mimi natafuta ile noti inayonguruma naipunguza yenyewe tu, na ile spika ya chini ya kumsikilizisha msanii naigeuza isimulike gitaa. Saundi cheki nayo unafanya ukumbi mtupu saa kumi jioni, unapata sauti tamu, saa mbili usiku watu wakijaa miili inameza sauti zote za juu unaanza upya mbele ya macho ya watu. Na huko kwa mleta uzi watu wameshika makoti ya baridi sijui jamaa wa mitambo alifanyaje, nampa heshima yake.

Hilo la kurudi nyuma kwenye maiki akipanda juu ni dalili huyo mtu amekua kwenye vyumba vidogo. Wasanii wetu wengi wamezoea studio, mashine inawasawazishia, ukimpa maiki laivu anaimeza kama ice cream halafu akipiga kelele spika zinachanika lawama anapewa fundi. Na hii tabia ya kuimba juu ya CD, mtu anakuja na flashi anakwambia bro weka namba tatu, hiyo sio shoo hiyo ni karaoke ya wimbo wako mwenyewe.

Kuhusu barafu: sehemu nikifunga mitambo naongea na kaunta kabla. Blenda na barafu wimbo ukiwa wa pole hapana. Wananichukia ila wanafuata.

---

karanga_za_mkaango

"Karaoke ya wimbo wako mwenyewe" 😂😂😂 naondoka na hii

---

Bi_Mwanakhamis

Assalaam alaykum wanangu. Nimesoma yote hayo nikasema na mie nichangie.

Huyu mwanangu wa Tanga anasifia mama wa kizungu aliyewanyamazisha watu. Mie hapo sikubaliani nae. Kwetu Unguja mtu akiimba ukakaa kimya kama uko hitmani basi ujue hujapendezwa. Taarabu ikikolea utainuka kitini, utatembea mbele pole pole na pesa yako mkononi umtunze mwimbaji, na ile unavyotembea na wimbo gani umeuinukia ni maneno tosha, aliyelengwa anajua kalengwa. Hapo nani kanyamaza? Na wote tunasikia kila neno, tena tunasikia na lililo chini ya neno.

Na hivyo vyumba vidogo mnavyovisema havikuanzia huko Marekani. Siti binti Saad alikuwa akiimba nyumbani kwake Ng'ambo jioni, watu wanakuja wanakaa kusikiliza. Alikwenda Bombay 1928 kurikodi santuri, lakini nyimbo zilizaliwa humo humo mitaani, kesi za watu, mahakimu, wanawake walivyodhulumiwa. Kuna wimbo wa yule mwanamke mgeni kutoka Dar aliyeuliwa na muuaji akatoroka, mashahidi ndio wakafungwa. Sasa huyo si mtunzi anayeimba ya kwake? Tofauti hakuwa na kofia ya pama tu.

Siku hizi ukitaka kuona chumba kidogo na watu wanapiga laivu Unguja, watoto wa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi. Mie niliwasikiliza zamani wakiwa kwenye lile jengo la forodha la zamani Mizingani, juu ghorofani, madirisha wazi, unasikia bahari na vyombo vya nyuzi, udi na kanuni, kwa pamoja. Siti and the Band wametoka hapo hapo, wakaanzisha bendi yao 2015, yule Siti Amina anaimba huku anapiga udi mwenyewe, albamu wametoa wenyewe 2018. Mwanamke na udi! Zamani usingeliona hilo.

---

mtanga_baridini

Shikamoo Bi Mwanakhamis. Hapo nimenyamaza kama wale wakaka wa ofisini 😂

Ila niruhusu kidogo. Taarabu inakuja na kikundi, udi, fidla, kanuni, waitikiaji, hata watu wakiongea sauti ipo. Mtu peke yake na gitaa la mbao mkimuongelesha mnamzika. Huku wenzetu wameligundua hilo siku nyingi. Nashville kuna sehemu inaitwa Bluebird Cafe, imefunguliwa 1982, imebanwa kwenye safu ya maduka ya kawaida tu, viti 90 basi, na sheria yao ni kunyamaza, ukipiga stori utaambiwa shhh. Watunzi wanakaa katikati ya chumba kwenye duara, wale wenye kuandika nyimbo ambazo watu wengine wanakuja kupata umaarufu nazo, wanaziimba wenyewe na wanaelezea zilivyotungwa.

Na hii Tiny Desk, zile video za wasanii wanaoimba ofisini, ambayo kila mtu humu anaishea, mnajua ilivyoanza? Mwaka 2008 watu wawili wa redio ya NPR ya Marekani walikwenda kwenye baa kumsikiliza dada mmoja anaitwa Laura Gibson, anaimba kwa sauti ya chini, baa ina kelele hawasikii kitu. Mmoja akamtania kwamba bora uje uimbe kwenye meza ya ofisini ya huyu mwenzangu. Akaja kweli. Yaani kitu chote kile kimeanza kwa sababu watu walikuwa wanapiga stori baa.

---

Bi_Mwanakhamis

Marahaba mwanangu. Haya ya mezani sikuyajua. Lakini tuzo je? Huko mnamtunza?

---

mtanga_baridini

Bi mkubwa huku tuzo ni kununua flana na santuri mlangoni, ndo maana nimenunua na mashine sina. Mitandao ya muziki inawalipa vipande vya senti kwa kila mtu anayesikiliza, msanii wa namna hii anaishi kwa tiketi na ile meza ya kuuzia. Faida yao ni kwamba yuko peke yake, hana bendi ya kulipa, gitaa moja begi moja, ukumbi wa watu mia unamtosha kula na kulala na kwenda mji unaofuata.

---

Kibopa_Wa_Upanga

Mimi nina hasira na hapa hapa Dar. Watunzi wa namna hii tunao. Vitali Maembe wa Bagamoyo, gitaa lake na maneno makali ya kuwasema wakubwa. Leo Mkanyia na swahili blues yake, baba yake Henry Mkanyia nae ni mpiga gitaa la dansi. Carola Kinasha kutoka Longido, yule dada akiimba nywele zinasimama. Nimewaona laivu, wengine pale Alliance Française Upanga, wengine kule Nafasi Mikocheni kwenye makontena, unakaa nje kwenye upepo, msanii yuko mita tatu mbele yako.

Sasa njoo uone tabia zetu. Kiingilio bei ya bia tatu. Mtu anakuja na gari ya milioni arobaini anafika getini anapiga simu, "oyaa mwambie niko hapa nje aniingize". Rafiki yake! Anataka kuingia bure kwa sababu ni rafiki, wakati rafiki ndo alitakiwa alipe mara mbili. Nishasimama kwenye foleni nyuma ya watu watatu wote majina yao yako kwenye daftari la bure. Halafu wakishaingia wanakaa nyuma wanapiga selfi, kesho wameposti "sapoti ya vya nyumbani". Mnasapoti nini nyie.

Na kuchelewa. Tangazo linasema saa moja na nusu, wanaanza saa tatu na robo kwa sababu watu hawajaja, na watu hawaji kwa sababu wanajua wataanza saa tatu na robo.

---

wa_Eastlando

Hio ya guest list ni Nairobi pia bana. Ukilipa mlangoni unaonekana kama mshamba, ati huna connection.

---

mzee_wa_Sikinde

Vijana hamjambo. Kuhusu ubishi wa kukaa kimya naomba niongeze, maana mmeruka zama zetu.

Dansi la Msondo na Sikinde wimbo ulikuwa unabeba kisa kizima, mtu kafiwa, mtu kaachika, mtu kaenda mjini kasahau wazazi. Sehemu ya kwanza polepole waimbaji wanakusimulia, watu wako kati wanacheza taratibu wawili wawili na hakuna neno linalopotea, ukimuuliza mtu kesho anakuhadithia kisa chote. Halafu ndo gitaa la solo linachukua, tunachemka. Pale DDC Kariakoo nimeona wanaume wazima wanafuta machozi huku miguu inaenda. Kwa hiyo habari ya kwamba kusikiliza lazima ukae kitako umefumba mdomo mimi siijui. Sisi tulisikilizia miguuni.

Ila wale wapiga stori za bosi, hao hata Msondo tungewatoa nje.

---

fundi_mitambo_Sinza

Mzee hapo umemaliza. Tatizo sio kelele, tatizo ni kelele ambazo hazihusiani na wimbo. Mtu akiitikia kiitikio mimi natabasamu kwenye mitambo. Mtu akipokea simu "niko kwenye shoo, eeh, siskii, ongea" natamani nimfungie na yeye maiki wote wamsikie.

---

dada_wa_Reading

Hamjambo, niko Uingereza. Huku kuna Sofar, ilianzia London 2009 hivyohivyo, watu walichoka na wapiga stori kwenye shoo wakaanza kualika wasanii sebuleni. Unaomba tiketi hujui nani anaimba, anuani unatumiwa karibu na siku yenyewe, unafika ni nyumba ya mtu au duka limefungwa, unavua viatu unakaa chini kwenye zulia. Wasanii watatu, nyimbo chache chache. Sasa hivi imeenea miji mingi duniani hata Nairobi wamefika.

Mwanzo nilipenda sana, sasa sipendi kivile. Kwanza wasanii wamelalamika hadharani kwamba malipo ni kiduchu ukilinganisha na tiketi zinazouzwa. Pili, ukimya wenyewe umezidi, watu wamekaa kama wako kanisani siku ya Ijumaa Kuu, hata ukitaka kucheka msanii akisema kitu cha kuchekesha unaogopa. Mimi na Bi Mwanakhamis tuko kundi moja.

Aliyenikuna mimi sio mgeni. Kaka mmoja wa Lamu alipiga kwenye sherehe ya jamaa zetu huku, chumba cha jumuiya, taa nyeupe zile za hospitali, spika moja mbovu, nyuma watoto wanakimbizana. Akaimba za kwake mwenyewe alizotunga kuhusu mama yake. Masista wote walikuwa jikoni wanapakua biriani wakatoka na miko mikononi wakasimama mlangoni. Biriani lilichelewa na hakuna aliyeuliza.

---

Bi_Mwanakhamis

Hao masista hawakukaa kimya nna hakika 😄

---

dada_wa_Reading

Vigelegele bibi, mpaka jirani mzungu akaja kuuliza kuna harusi?

---

Mtukuka

Wakuu nimerudi. Nimeenda kumsikiliza huyo Ondara usiku wote kwa sababu ya ubishi tu. Ile ya 2019 bado naona ni ya wazungu, samahani mleta uzi. Ila ile ya 2020 aliyoiandika kipindi cha lokdauni, amejifungia ndani Minneapolis, kuna wimbo wa mtu aliyepoteza kazi na mwingine wa mwenye nyumba anataka kodi. Hiyo nimeielewa bila mkalimani. Mwenye nyumba wangu Tabata alikuwa hivyohivyo, korona haikumhusu.

Swali, ukiwa huku Bongo unajuaje hivi vishoo vidogo viko wapi? Maana matangazo ya redioni ni yaleyale ya Mlimani City.

---

Kibopa_Wa_Upanga

Fuata kurasa za Nafasi na Alliance Instagram, na Goethe pale Upanga nao wana vitu. Vingi vinatangazwa wiki hiyohiyo. Na mfuate msanii mwenyewe sio mapromota, hawa wa gitaa wanaposti wenyewe, saa nyingine poster kaichora mwenyewe kwenye simu.

Na ulipe getini Mtukuka.

---

Mtukuka

Nitalipa. Na mke nitamlipia.

---

karanga_za_mkaango

Mleta uzi picha bado. Na hiyo santuri, ulipata mashine?

---

mtanga_baridini

Picha sina, pale mbele kulikuwa na tangazo simu mfukoni na nilitii. Mashine nilipata kwenye duka la mitumba la hapa, sindano imeisha, mpya nimeagiza. Nyie endeleeni, bado sijamsikia mtu wa Arusha wala Kampala humu, na najua mpo maana nawaona mnalaiki.